CNC Dodoma: kazi inayolipa siyo ile ya kwenye video

Mkuu ameuliza hivi: ana mtaji wa kutosha kununua CNC ya mbao, yaani mashine ya kukata na kuchonga inayoongozwa na kompyuta, ya meza ya futi 4 kwa 8, yuko hapa Dodoma, na kila video anayoiona ni milango ya nakshi. Je, nakshi inalipa, au kuna kazi nyingine? Mimi ninayo mashine ya aina hiyo karakanani, Kizota, na ndiyo inayolipa kodi ya banda na mishahara, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu.

Nakshi inavutia macho lakini inameza muda. Piga hesabu kabla hujamwahidi mtu mlango. Chukua paneli ya sentimita 60 kwa 60, biti (kisu kinachozunguka) ya ncha ya duara ya milimita 6, kila mstari ukisogea milimita 0.6 ili uso utoke laini. Hapo una mistari 1,000 ya sentimita 60, yaani mita 600 za kutembea. Kwa mwendo wa mita 3 kwa dakika ni dakika 200, saa tatu na zaidi, na bado hujahesabu ukwanguaji wa kwanza wala msasa. Mlango mmoja una paneli mbili au tatu. Mteja naye anakuja na bei ya mlango wa kawaida kichwani.

Sasa weka mlango wa kabati la jikoni wa MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Kuukata pembeni na kuchimba mstari wa fremu juu yake hakufiki dakika tano. Shiti moja (ubao mzima kama unavyotoka dukani) ikipangwa vizuri kwenye kompyuta inatoa milango mingi na mabaki ni kidogo. Hapo ndipo hela ilipo, mkuu, kwenye kazi fupi inayojirudia.

Na wateja wangu wakubwa siyo wenye nyumba, ni mafundi wenzangu. Fundi anakuja na shiti zake kwenye bajaji ya mizigo, na vipimo kwenye karatasi ya daftari. Namchorea, namkatia, namtobolea matundu ya bawaba za kikombe: upana milimita 35, kina 12 na nusu. Tundu hilo kwa drili ya mkono kwenye ubao wa milimita 16 ni kazi ya roho mkononi, ukizidisha kidogo unatokea upande wa pili na mlango umeharibika. Kwa mashine yanatoka yote sawasawa. Yeye anaenda kuunga na kufunga kwa mteja wake, mimi nabaki na bei ya kukata. Simnyang'anyi kazi, ndiyo maana anarudi na kuleta wenzake. Ukianza kuwafuata wateja wao, umejifungia mlango.

Soko lipo. Tangu serikali ianze kuhamia hapa mwaka 2016, nyumba zimeota Iyumbu, Nzuguni, Ihumwa mpaka Mtumba, na kila nyumba inataka jiko, makabati ya nguo na ukuta wa televisheni.

Kazi ya pili kwangu ni mabango. Ofisi, maduka, shule za binafsi, zahanati, wote wanataka jina mlangoni. Unakata herufi za akriliki, na shiti za Alucobond (ngozi mbili za aluminiamu zenye plastiki katikati) unazichimba mfereji kwa biti ya V ya nyuzi 90 kisha unazikunja kwa mkono kama boksi. Kwa shiti ya milimita 4 unaacha takribani milimita 0.8 chini, yaani ngozi ya mbele ya aluminiamu na utando mwembamba wa plastiki. Meza ikiwa na bonde la nusu milimita tu, sehemu moja inagoma kukunjika na nyingine inakatika kabisa. Kwa hiyo ubao wa kafara unaolala chini ya kazi usawazishe kwa mashine yenyewe, mara kwa mara. Wengi wanaruka hatua hii halafu wanalaumu biti.

Vidogo vidogo vipo pia: kalibu za zege za mapambo ya ukuta, lati (paneli za urembo zenye matundu) za misikitini, na maboksi ya mbao ya kufungia chupa za mvinyo, maana zabibu ni zetu. Maboksi yana msimu, usiyategemee kulipa kodi. Zabuni za samani za serikali zinapita NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, na sheria inatenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, wakiwemo vijana na wanawake. Jisajili, lakini uwe na mtaji wa kusubiri malipo.

Ukipata kazi ya mninga, kumbuka hali ya hewa yetu. Mbao ikitoka mikoa yenye unyevu ikaingia kwenye ukavu wa Dodoma, inasinyaa. Iache ipumzike bandani kwanza, na paneli ielee ndani ya fremu, usiigandishe kwa gundi, la sivyo itapasuka ikiwa kwa mteja na lawama ni zako.

Bei: usitaje ya kubahatisha. Jumlisha umeme, biti, kodi ya banda, mshahara wa mwendeshaji na uchakavu wa mashine, gawa kwa saa ambazo mashine inakata kweli kwa mwezi. Ukijua saa moja inakugharimu shilingi ngapi, utajua shiti moja uitoze ngapi. Utajua pia kwa nini mlango wa nakshi lazima uwe ghali, na utamwambia mteja bei hiyo bila aibu.

Kwenye kununua, chagua yenye kidhibiti kinachokumbuka ilipoishia umeme ukikatika, na usikubali kuondoka bila kifyonza vumbi. Vumbi la MDF ni baya kwa mapafu, na kijana wako atakuwa analivuta kutwa.

Kabla hujalipa hata senti, zungukia mafundi wa makabati wa mtaani kwako uwaulize wanakatia wapi na kwa bei gani. Ukipata wachache walio tayari kukuletea shiti kila wiki, nunua. Ukitaka kuona kazi ikifanyika, nitumie ujumbe, uje karakanani siku ya kazi.