Unapokuwa na shaka na mtu ambaye chama chako kinaelekea kumsimamisha

Jumamosi ya tarehe 15 Septemba 2007 nilikuwa miongoni mwa watu waliosimama juani katika viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, wakati Dk. Willibrod Slaa, Katibu Mkuu wa Chadema wakati huo, aliposoma majina kumi na moja ya watu aliowatuhumu kwa ufisadi. Nilikuwa na daftari dogo la kuandikia hesabu za duka, na nikayaandika majina yote kwenye ukurasa wa nyuma kwa kalamu nyekundu, kwa kuwa ndiyo pekee niliyokuwa nayo mfukoni. Jina la Edward Lowassa, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo, lilikuwa mojawapo. Miaka minane ikapita, na Jumanne ya tarehe 28 Julai 2015 Lowassa alitangaza kuihama CCM na kujiunga na Chadema, chama cha upinzani ambacho mimi nilikuwa nimekibeba moyoni tangu siku ile ya Mwembeyanga. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba hakuja kuwa mwanachama wa kawaida.

Jumanne iliyofuata, tarehe 4 Agosti, mkutano mkuu uliofanyika Mlimani City ulimpitisha kuwa mgombea urais. Wiki hiyo moja, Jumanne hadi Jumanne, ndiyo ninayotaka kuizungumzia, kwa sababu niliitumia vibaya, na kwa sababu kila uchaguzi unapokaribia hukutana na vijana wenye shaka ileile kuhusu mtu anayetajwatajwa katika chama chao, nao hawajui waifanyie nini. Wengine huimeza wakidhani kwamba ndiyo uaminifu kwa chama. Wengine huimwaga kijiweni kila jioni hadi ikaisha nguvu. Mimi nilifanya yote mawili kwa zamu.

Jambo la kwanza ninalowashauri ni kuitaja shaka yenyewe kwa sentensi moja. Wiki ile nilikuwa sili vizuri, nikizunguka nyumbani na kulalamika, mpaka mke wangu akaniuliza, "Kwani unachokihofia ni kipi hasa?" Nilifungua kinywa nikajikuta sina jibu la mkato. Nilikuwa na lundo: suala la mkataba wa umeme wa Richmond, habari za afya yake, habari za mali zake, uchungu wa kuona Dk. Slaa akiwekwa kando baada ya kazi yote ile, na aibu ya kukutana na watu ambao nilikuwa nimewahubiria kwa miaka minane. Nilipokaa chini na kuyaandika, niligundua kwamba mawili ya mwisho hayakumhusu Lowassa kabisa. Yalikuwa maumivu yangu mimi. Maumivu ni haki ya mtu, lakini si hoja ya kumpelekea mtu mwingine ili abadili uamuzi wake, na ukiyachanganya na hoja utasikilizwa kama mtu aliyenuna.

Lililobaki zito lilikuwa Richmond, na hapa nakiri kwamba kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikilisema kwa kusikia tu. Nilijua kwamba nchi ilikuwa gizani mwaka 2006 kwa sababu ya ukame, kwamba kampuni ya Richmond ilipewa mkataba wa dharura wa kuzalisha megawati 100 ikashindwa, na kwamba Waziri Mkuu alijiuzulu. Zaidi ya hapo nilikuwa nikiongezea chumvi. Basi nikaitafuta taarifa ya kamati teule ya Bunge iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe, nikaisoma kwa siku mbili dukani, katikati ya wateja. Taarifa hiyo iliitaja kwa uzito nafasi ya ofisi ya Waziri Mkuu katika kuisaidia kampuni ile kupata zabuni. Lakini nilijifunza pia kwamba Lowassa, alipotangaza kujiuzulu bungeni tarehe 7 Februari 2008, alilalamika kwamba kamati haikumwita wala kumhoji, na kwamba hadi ile Julai ya 2015 hakuwa amefikishwa mahakamani kwa jambo hilo. Kwa hiyo sikuwa na haki ya kusema kwamba alithibitika kuwa mwizi, kama nilivyokuwa nikisema, na wala wenzangu wapya hawakuwa na haki ya kusema kwamba alikwisha kusafishwa. Shaka yangu ya haki ilikuwa hii: mtu aliyetajwa na Bunge kwa jambo la mabilioni hajawahi kutueleza hadharani, hatua kwa hatua, ofisi yake ilifanya nini na kwa nini. Hiyo ni shaka inayoweza kujibiwa, na mwenye kuulizwa hawezi kuikwepa kwa kusema tu kwamba mwenye ushahidi aende mahakamani.

Nawasihi msiupuuze ugumu wa kazi hii. Kusoma kurasa nyingi za lugha ya kibunge baada ya kufunga hesabu za siku kunachosha, lakini sentensi moja uliyoitoa kwenye taarifa yenyewe ina nguvu kuliko maneno ya mwezi mzima ya kijiweni.

Nina mjomba ambaye ni CCM tangu enzi za TANU. Baada ya Lowassa kuzindua safari yake ya kuwania urais kupitia CCM huko Arusha, mwishoni mwa Mei 2015, mjomba alikuwa miongoni mwa waliomdhamini kwenye fomu, na kwa miaka saba kabla ya hapo alikuwa akinijibu kila nilipofungua mdomo, "Mjomba, nitajie mahakama iliyomtia hatiani." Siku mbili baada ya Lowassa kuhamia kwetu alikuja nyumbani, akakaa barazani, akakataa chai, akaniambia, "Hebu nipatie lile daftari lako." Alitaka majina ya Mwembeyanga. Nami, kabla sijafikiri, nikamjibu, "Nitajie mahakama iliyomtia hatiani." Tulitazamana. Mtu alikuwa yuleyule, taarifa ya Bunge ilikuwa ileile, na sisi wawili tulikuwa tumebadilishana maneno kama watu waliobadilishana mashati.

Tangu siku ile nina kipimo kimoja ambacho huwapa wote wanaoniuliza. Jiulize: kama huyu ninayemtilia shaka angekuwa anasimamishwa na chama kingine, ningesema nini juu yake? Na kama huyu ninayemtetea angekuwa upande wa pili, ningemtetea kwa maneno haya? Kinachobaki pale pale baada ya kumhamisha mtu kutoka chama kimoja kwenda kingine ndicho shaka ya kweli. Kwangu lilibaki lile swali la Richmond.

Suala la afya halikubaki, na ninalo la kusema kuhusu hilo, kwa sababu ndilo lililotawala mazungumzo ya mwaka ule kuliko lilivyostahili. Watu walimtazama Lowassa akitembea, wakaitazama mikono yake, wakahesabu dakika za hotuba zake fupi, wakahitimisha. Upande wa pili Dk. John Magufuli alipiga pushapu jukwaani, watu wakahitimisha pia. Magufuli alifariki akiwa madarakani tarehe 17 Machi 2021, na Lowassa alifariki tarehe 10 Februari 2024, takriban miaka mitatu baadaye. Mungu awarehemu wote. Wakati tukibishana juu ya mikono ya mtu, karibu hakuna aliyekaa kitako kumchunguza mgombea mwenza, ingawa ibara ya 37 ya Katiba inasema wazi kwamba Rais akifariki, Makamu wa Rais anaapishwa na kumaliza muda uliobaki. Tulikuwa na Juma Duni Haji upande wetu, na Samia Suluhu Hassan upande wa CCM. Nikijaribu kukumbuka mazungumzo yetu ya barazani mwaka 2015, sikumbuki hata jioni moja ambayo majina hayo mawili yalijadiliwa kwa nusu saa. Ukiwa na shaka na afya ya anayetajwa, usijifanye daktari. Uliza kwa ukali ni nani atakayewekwa ubavuni mwake, kwa sababu huenda huyo ndiye unayemchagua.

Halafu kuna hoja ya ushindi, ambayo ndiyo iliyotumika kutunyamazisha. Tuliambiwa kwamba mtu huyu anakuja na watu wake, na kwamba bila yeye hatushindi. Sisemi kwamba hoja hiyo ilikuwa ya uongo. Dk. Slaa alipata kura zaidi ya milioni 2.2 mwaka 2010. Lowassa, akiungwa mkono na vyama vinne vya UKAWA, ule umoja wa wapinzani, alipata zaidi ya milioni 6, sawa na asilimia 39.97, dhidi ya asilimia 58.46 za Magufuli. Hakuna mgombea wa upinzani aliyewahi kufikia hapo. Lakini swali la kama mtu anaweza kuleta kura ni moja, na swali la kama anafaa kukabidhiwa nchi ni jingine, na ukiona mtu anakujibu la pili kwa hesabu za la kwanza, mrudishe kwa upole kwenye swali ulilouliza. Mimi sikumrudisha yeyote. Nilitikisa kichwa kukubali, nikavaa fulana, nikaenda mikutanoni. Tarehe 1 Machi 2019, Lowassa alipopokewa tena CCM, mjomba alinipigia simu kabla ya magharibi, na wala hakunisimanga. Aliuliza tu, "Sasa zile kura tulizowapa tuzihesabu vipi?"

Wapo wenye vyeo waliokuwa na shaka wakaondoka. Profesa Ibrahim Lipumba alijiuzulu uenyekiti wa CUF, mojawapo ya vyama vya UKAWA, siku mbili baada ya mkutano wa Mlimani City, na Dk. Slaa alitangaza kuachana na siasa za vyama tarehe 1 Septemba. Ninawaheshimu kwa kusema hadharani. Hata hivyo yote mawili yalitokea baada ya jina kupita. Upande wa CCM, kabla Lowassa hajahamia kwetu, ilikuwa vivyo hivyo kwa wale waliokuwa na imani badala ya shaka: waliochukua fomu walikuwa 42, Kamati Kuu ikabakiza watano, jina la Lowassa halikuwemo, na ndipo wajumbe wa Halmashauri Kuu mjini Dodoma wakaimba kwamba wana imani naye mbele ya mwenyekiti wao. Kuimba hakukulirudisha jina. Mjomba, pamoja na mamia ya maelfu ya wanachama waliomdhamini nchi nzima, alitambua siku hiyo kwamba sahihi ya mdhamini si kura.

Hili ndilo ninalotaka mpiga kura alielewe kuliko mengine yote. Katika sheria zetu hakuna mgombea binafsi wa urais. Lazima mtu adhaminiwe na chama. Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza mshindi, ibara ya 41 inasema hakuna mahakama itakayochunguza kuchaguliwa kwake. Kwa hiyo mlango ambao shaka yako inaweza kupita ni ule mfupi wa kabla ya uteuzi, nao haufungwi siku uliyoizoea. Mwezi Januari 2025 mkutano mkuu maalumu wa CCM ulimpitisha mgombea wake wa urais miezi tisa kabla ya uchaguzi, wakati wengi wakidhani kwamba mambo hayo ni ya katikati ya mwaka. Anayesubiri fomu zitangazwe ndipo aanze kuuliza anaweza kukuta watu wameshashangilia.

Basi fanya hivi, mapema. Tafuta ni nani kutoka wilaya yako ni mjumbe wa mkutano mkuu wa chama chako. Ni watu wachache na wanafahamika. Wengine unasali nao, wengine watoto wenu wanasoma darasa moja. Nenda kwake nyumbani, si kwenye mkutano, ukiwa peke yako au na mzee mmoja anayeheshimika. Msalimu kama inavyostahili. Usiende na lawama wala na lundo. Nenda na ile sentensi moja, iandike, na umwachie karatasi. Mwambie ungependa aiulize kule anakokwenda, na kwamba utarudi akirejea ili akueleze alijibiwa nini. Kisha urudi kweli. Mjumbe asiyefuatwa na mtu hurudi na msimamo wa yule aliyekaa naye kwenye basi.

Mimi nilimfuata mjumbe wetu mwaka 2016, uchaguzi ukiwa umekwisha. Ni mtu mzima, mpole, duka lake liko mitaa mitatu kutoka kwangu. Nilimwamkia, nikamwonyesha daftari, ukurasa wa nyuma wenye wino mwekundu na chini yake ile sentensi ya Richmond niliyoiandika wiki ile ya Agosti. Aliisoma mara mbili. Akaniambia kwamba yeye pia alikuwa Mwembeyanga, na kwamba aliingia ukumbini Mlimani City akiwa na swali kama hilo, lakini akaogopa kwamba ni la kwake peke yake. Nikamuuliza ni watu wangapi wa wilaya yetu waliomfuata kati ya ile Jumanne na Jumanne. Alifikiri kidogo, akasema walikuwa wawili, na wote walikuwa wakiomba nafasi kwenye basi.