Meza ya fundi inayoyumba ukipiga randa

Ndugu yangu, meza yako ya useremala ikiyumba ukipiga randa, usiongeze misumari. Hapa Lamu hewa ya chumvi itaila, na meza itarudi kuyumba vilevile. Tatizo lako ni miguu: umeipigilia tu chini ya ubao, na randa inasukuma kwa ubavu.

Miguu iwe ya nchi 4 kwa 4. Karibu na chini iunganishe kwa mbao pana, nchi 6 kwa 2, kwa tundu na ulimi, yaani ncha ya ubao iliyochongwa nyembamba iingie ndani ya tundu la mguu. Kisha funga kila kiungo kwa kijiti cha mbao ngumu; kipande cha mbambakofi kinafaa sana. Siri iko hapa: toboa mguu kwanza pa kupitisha kijiti, halafu tundu la kijiti kwenye ulimi lisogeze kama milimita 2 kuelekea bega la ulimi, pale ulimi unapoanzia. Chonga ncha ya kijiti iwe nyembamba. Ukikigonga kitapita kwa kujipinda, na kiungo kitavutwa mpaka kibane chenyewe, hata bila gundi. Kazi hii usiifanyie haraka, ndiyo meza yenyewe.

Juu, saiprasi iliyokauka yatosha. Simamisha mbao 12 za 4 kwa 2 kwa ubavu, uzigandishe pamoja: upana kama futi 2, unene karibu nchi 4. Uzito huo ni faida.

Kimo: simama wima, mikono ikining'inia, juu ya meza pafike kwenye kifundo cha mkono. Miguu isikae juu ya udongo, mchwa hawana huruma. Iweke juu ya saruji.