Hulka ya mtu na nguvu za misuli: majibu kwa wasomaji

*Mimi ni mtu wa haya. Kila nikiviona vikundi vya mazoezi vikikimbia kupitia Michenzani, sithubutu kujiunga navyo. Je, hulka yangu ndiyo inayonitia uvivu?* (Msomaji, Unguja)

Haya si uvivu. Wanasaikolojia huzigawa hulka za watu katika mafungu makuu matano, na katika tafiti nyingi wachangamfu, pamoja na wale wenye bidii na mpango katika mambo yao, huonekana kujishughulisha zaidi kimwili, ilhali wenye wahaka mwingi hujishughulisha kidogo. Lakini uhusiano huo ni dhaifu. Huonekana wanapopimwa watu wengi kwa pamoja, wala hautoshi kumtabiria mtu mmoja. Mchangamfu huvutwa na kundi lenyewe na nyimbo zake za njiani. Wewe tembea kwa haraka ufukweni baada ya sala ya alfajiri. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na halikushurutisha ziwe za kikundi.

*Mama yangu ana miaka 71 na ni mtu wa wahaka. Siku hizi hata tui hawezi kulikamua. Je, wahaka hupunguza nguvu?* (Msomaji, Wete)

Tafiti zilizopima nguvu za kiganja, kwa kifaa kinachobanwa na kuonesha kilo, zimekuta kwamba wenye wahaka mwingi, kwa wastani, hubana kwa nguvu ndogo kidogo. Yumkini sababu mojawapo ni kwamba anayeogopa kuanguka hupunguza kutembea, misuli isiyotumika hunywea, na kadiri anavyodhoofika ndivyo hofu inavyozidi. Hata hivyo, nisingependa umsingizie mama hulka yake kabla hajaonwa na daktari, kwani huenda ana baridi yabisi ya vidole, au mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono. Wataalamu wa Ulaya huhesabu chini ya kilo 16 kwa mwanamke, na 27 kwa mwanamme, kuwa ni udhaifu wa kuchunguzwa. Daktari akiridhia, aanze kwa kuinuka kitini mara 5 bila ya kujishika. Misuli hujibu mazoezi hata kwa mwenye miaka 90.

*Ninachuma karafuu. Nahitaji mazoezi mengine?* (Msomaji, Mkoani)

Msimuni, hapana. Karafuu zikimalizika, ndiyo, kwa sababu misuli hutakiwa kutiwa kazi angalau siku 2 kila wiki, mwaka mzima. Ndoo mbili za maji kutoka kisimani, moja kila mkono, zinafaa sana. Ila usiwaachie watoto.