Kumzoesha mtoto kulala usiku kucha mkiwa chumba kimoja

Ushauri mwingi wa kulaza watoto unaozunguka kwenye simu zetu unaanzia chumba cha mtoto: mweke kwenye kitanda chake, zima taa, funga mlango, ondoka. Mimi nimepanga chumba na sebule hapa Gungu, Kigoma. Katikati hakuna mlango, kuna pazia. Mtoto akilia kidogo jirani anakohoa makusudi, akizidisha, bibi wa nyumba ya pili anakuja kuuliza mnamfanya nini mjukuu wake. Kwa hiyo hayo ya kumwacha alie peke yake tuyaweke pembeni. Mtoto anaweza kulala usiku kucha hata kama mko kitanda kimoja na chandarua kimoja, na kazi yenyewe haifanyiki saa nane usiku mkiwa mmechoka wote. Inafanyika saa mbili, pale anapoingia usingizini.

Nazungumzia mtoto aliyevuka mwaka, anayekula vizuri na mwenye afya. Wachanga ni habari nyingine, wao wanahitaji kunyonya usiku, waacheni wanyonye.

Wangu alikuwa amevuka mwaka na bado anaamka kila baada ya saa moja au moja na nusu. Akiamka, titi. Anavuta mara mbili tatu, huyo kalala. Njaa ingekuwa njaa angenyonya akashiba. Usingizi wa kila mtu hupanda na kushuka, na kuna nyakati kadhaa usiku unakuwa mwepesi kiasi cha kuzinduka. Sisi wakubwa tunageuka, tunavuta shuka, tunaendelea, asubuhi hata hatukumbuki. Mtoto naye anazinduka hivyo hivyo, ila anatafuta kile alichokuwa nacho wakati analala. Kama alilala na titi mdomoni, atalitaka. Kama alilala mgongoni kwa mbeleko akahamishiwa kitandani, atashtuka kama wewe ulale chumbani kwako uzinduke uko barazani kwa jirani. Hapo hata mimi ningelia.

Basi tulichobadilisha kwanza ni mpangilio wa jioni. Ananyonya, ndiyo, lakini ananyonya sebuleni, taa ikiwa inawaka, kabla ya kuvalishwa nguo za kulalia. Kisha anapelekwa kitandani macho yakiwa wazi, nachomeka chandarua, namwekea mkono mgongoni na kuimba kawimbo kale kale kila siku. Siku za mwanzo alinuna, akakaa, akaniparamia. Namlaza tena, mkono mgongoni, bila hotuba. Baadaye mkono ukawa unakaa muda mfupi, na mwisho ikatosha mimi kulala pembeni yake. Shika hapo hata kama huna nguvu ya kufanya mengine yote. Kwetu kuamka kulianza kupungua kabla hata hatujagusa manyonyo ya usiku.

Suala la saa lilinisumbua kwa sababu ushauri wa Dar hautufai. Wao wanasema mtoto awe kitandani saa moja. Dar saa moja ni usiku tayari, kwetu jua ndiyo kwanza linagusa milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Tuko magharibi kabisa mwa nchi lakini saa tunatumia moja. Kumlaza mtoto wa Kigoma saa moja, nje kweupe na wenzake wanapiga kelele uwanjani, ni kutafuta ugomvi. Saa mbili inatutosha. Faida yake tunaipata asubuhi: saa kumi na mbili huku bado giza, kwa hiyo akizinduka adhana ya alfajiri inaposikika, bado kuna nafasi ya kurudi kulala.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku, ukijumlisha na ule wa mchana. Piga hesabu: kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi ni saa kumi na nusu. Ongeza saa moja na nusu au mbili za mchana, umefika. Lakini akilala mchana hadi saa kumi na moja jioni, usimlaumu akicheza hadi saa nne usiku. Binti anayenisaidia nyumbani hakuipenda sheria ya kumwamsha saa tisa, maana ndiyo ulikuwa muda wake wa kufua kwa raha. Tukasogeza kufua asubuhi. Wala usiende upande wa pili ukamnyima usingizi wa mchana ili achoke. Mtoto aliyechoka kupita kiasi anakuwa mkali na analala vibaya zaidi.

Chakula nacho. Nyumba nyingi tunakula saa tatu usiku, mtoto anasubiri ugali wetu huku anasinzia, anakula matonge mawili, analala nusu njaa. Wangu siku hizi anakula saa kumi na mbili na nusu jioni: ugali laini na mgebuka uliochambuliwa miiba vizuri, au maharage yaliyopondwa na kijiko cha mawese. Kisha anaoga maji ya uvuguvugu. Televisheni inazimwa, na simu ya katuni haionekani tena. Kwa simu ndipo palipokuwa na vita kuliko hata titi, na sioni njia ya katikati.

Baada ya hapo ndipo tukagusa usiku wenyewe, na hapa alihitajika baba. Mume wangu anavua dagaa, analala ziwani. Ila mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, wanaume wakashinda nyumbani, mfuko ukakauka, lakini mimi nikapata mtu wa zamu ya usiku. Nikahamia kwenye godoro la sebuleni na chandarua changu, kwa sababu mtoto akisikia harufu ya maziwa pembeni yake hakuna maelewano. Akiamka, baba anampapasa, anampa maji kidogo, anamlaza kifuani. Alilia, siwezi kuwaambia hakulia. Lakini kulia mikononi mwa baba yake siyo kutelekezwa, na jirani nilikuwa nimemwarifu mapema kwamba kutakuwa na kelele. Kama wako naye ni mvuvi, usingoje ziwa lifungwe. Siku za mbalamwezi, wakati taa hazivuti dagaa na vyombo vinapumzika, zinatosha kuanzia. Ambaye hana mume karibu anaweza kumtumia bibi, shangazi, yeyote asiye na maziwa ambaye mtoto amemzoea.

Hatukukata manyonyo yote kwa mkupuo. Tulianza na yale ya kabla ya usiku wa manane, la alfajiri tukaliacha, na mchana alinyonya kama kawaida. Kuacha kunyonyesha usiku siyo kumwachisha ziwa: wataalamu wanashauri kunyonyesha hadi miaka miwili na zaidi. Matiti yakijaa, kamua kidogo tu maumivu yapungue. Ukikamua yote, mwili unatengeneza mengine. Na kama mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki umelala au unashuka, usianze zoezi hili kabla ya kuongea na mhudumu wa afya.

Mama mkwe alipokuja akasema, "Mwanangu, huyu ana mchango, mfungeni uzi." Nikamjibu, "Sawa mama, ila kwanza nikampime." Sikubishana naye, na sikumdanganya pia. Mtoto anayeamka ghafla usiku tofauti na kawaida yake mara nyingi ana kitu: homa, sikio, jino, pua iliyoziba. Mkoa wetu una malaria nyingi, kwa hiyo mwili ukiwa wa moto nenda ukapime, usisubiri kuona kama usingizi utatengemaa. Anayekoroma kila usiku na kuonekana kama pumzi inakatika, huyo ni wa kuonwa na daktari.

Kuna kina mama wanaompa mtoto Piriton au dawa ya kikohozi ili alale. Tafadhali, hapana. Kipimo kikizidi inaweza kumletea mtoto matatizo ya kupumua, na haimfundishi chochote. Asali nayo ni marufuku kwa aliye chini ya mwaka mmoja, inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli yake.

Usiku wenyewe usiwashe taa, usimulike simu, usimwongeleshe. Akiguna, subiri kidogo kabla ya kumgusa. Watoto wanaguna na kujigeuza wakiwa usingizini, na mara nyingi sisi ndio tunaowaamsha kwa haraka yetu. Mvua ikipiga mabati wangu haamki kabisa, ila mfuniko wa sufuria ukidondoka anaamka.

Mume aliporudi ziwani Agosti, mtoto alijaribu kunipima. Nilimpa mkono mgongoni badala ya titi, akanuna, akalala. Tukienda Kasulu kwa bibi yake anabebwa mgongoni hadi analala na kila sheria inavunjwa. Simnyimi bibi furaha yake. Tukirudi naanza tena na kunyonya sebuleni taa ikiwaka, na haichukui muda kama ile mara ya kwanza.