Kwa mnaoanza kukusanya noti za Biafra: jueni vita kwanza ndo mnunue

Wengi wananiuliza waanzie wapi kwenye hela za vita na jibu langu ni lilelile, anza na Biafra, ile sehemu ya mashariki ya Nigeria iliyojitenga ikajiita nchi. Aina za noti ni saba tu, muda wake haufiki hata miaka miwili kamili, halafu ni habari yetu Waafrika kabisa, na sisi Watanzania inatuhusu zaidi manake serikali ya Mwalimu Nyerere ndo ilikuwa ya kwanza duniani kuitambua Biafra, tarehe 13 Aprili 1968, Gabon na Ivory Coast na Zambia wakafuata mwezi uliofuata. Ukitaka kuelewa kwa nini noti hizi zipo inabidi uijue ile vita, bila hivyo utakuwa unanunua picha za mchikichi na jua.

Iko hivi. Ojukwu, mkuu wa mashariki ya Nigeria, alitangaza Biafra kujitenga na Nigeria tarehe 30 Mei 1967, mapigano yakaanza Julai. Miezi yote ile ya mwanzo Biafra walikuwa bado wanatumia pauni ya Nigeria kama kawaida, na kwenye mabenki yao kulikuwa na noti nyingi tu ambazo ndo zilikuwa zinatumika kununulia silaha na mahitaji nje. Sasa Januari 1968 serikali ya Nigeria chini ya Gowon ikabadilisha noti, ikatoa muda mfupi tu wa kubadilisha na baada ya hapo noti za zamani zikawa makaratasi, na Biafra wako upande wa pili wa vita hawawezi kwenda kupanga foleni Lagos. Wakahangaika kuzisafirisha Ulaya ziuzwe kwa bei ya kutupa kabla muda haujaisha. Yani ile ilikuwa shambulio kamili bila risasi hata moja. Ndo maana tarehe 29 Januari 1968 Benki ya Biafra ikatoa noti zake, haraka haraka, za thamani mbili tu, shilingi 5 na pauni 1. Ukizishika hizo mbili kumbuka hiyo haraka.

Awamu ya pili ni Februari 1969, hapo zikawa tano: shilingi 5, shilingi 10, pauni 1, pauni 5 na pauni 10. Wakati huo Enugu, mji mkuu wa Biafra, ilishatekwa tangu Oktoba 1967, bahari wameshafungiwa, chumvi tu ilikuwa kitu cha anasa. Mtu akiniuliza pauni 10 ilikuja kufanya nini namwambia fikiria sokoni kunakuwaje watu wamezingirwa na chakula hakiingii. (Na kwa vijana ambao hawajawahi kuona hesabu za pauni, pauni moja ni shilingi 20, kwa hiyo shilingi 5 ni robo pauni, usiifananishe na shilingi yetu ya sasa.)

Kwenye katalogi utazikuta kwa namba za Pick (namba za katalogi ya noti za dunia, ndo hiyo P), P-1 na P-2 ni awamu ya kwanza, P-3 hadi P-7 ni ya pili. Zishike kichwani, muuzaji akiandika "noti ya Biafra adimu sana" bila namba muulize ni P ngapi, asipojua au akikwepa hama.

Sasa hapa ndo wageni wanapigwa sana, nisomeni vizuri. Utaona pauni 1 ya awamu ya pili, mpya kabisa, haina hata mkunjo, na haina siriali namba. Muuzaji atakwambia ni kosa la kiwandani kwa hiyo ni adimu na bei iko juu. Si kweli. Hizo ni noti ambazo hazikumaliziwa, hazikupigwa namba na hazikuingia kwenye mzunguko, vita ikaisha Januari 1970 zikabaki, zikaishia kwa wauzaji wa vitu vya ukumbusho. Zipo nyingi mno. Nunua ukitaka, ni noti nzuri ya kuanzia, ila lipa bei ya kitu kilichojaa sokoni.

Na mimi nina msimamo ambao wakusanyaji wengi hawaupendi, soko linalipa zaidi noti mpya isiyokunjwa, sawa kwa noti nyingine, ila kwa Biafra mi nitachukua iliyochakaa, yenye namba, yenye mikunjo minne na doa la mafuta, kabla ya ile safi isiyo na namba. Ile iliyochakaa ilipita mikononi mwa watu waliokuwa wanatafuta gari (kule Nigeria ni unga wa muhogo) na viazi vikuu vya watoto wakati watoto wenyewe wanakufa kwa kwashakoo. Makadirio ya vifo yanatofautiana ila wengi wanataja milioni moja na kupanda, wengi wao njaa. Kwa hiyo tafadhali ukiweka picha ya noti yako uandike na habari yake, kuna familia bado zina watu wao hawakurudi.

Jua pia iliisha vipi kwa wenye hizi hela. Vita ilipokwisha pauni ya Biafra haikuwa na thamani, na watu wenye akiba benki wakapewa pauni 20 za Nigeria kila mmoja, haijalishi alikuwa na ngapi, mfanyabiashara mkubwa na karani mdogo wote ishirini. Hilo jambo bado linauma mashariki ya Nigeria mpaka leo, hivyo ukiongea na muuzaji wa kutoka kule usianze na kupunguza bei kama unanunua nyanya.

Kuhusu kopi, nunua kioo cha kukuzia, si ghali. Kopi ya printa ukiikuza utaona vidoti vya rangi vimetawanyika hata pale penye mistari, noti halisi mstari unakaa mstari. Omba picha ya mbele na nyuma kwenye mwanga wa jua, omba na vipimo kwa milimita ulinganishe na katalogi. Usiipige pasi, usiifue, usigundishe selotepu hata kama imechanika, na zile plastiki laini za PVC za stationari ziache kabisa zinatoa kemikali zinazoharibu karatasi, tafuta mifuko ya polyester.

Ukishazipata pauni 1 za awamu zote mbili ziweke pamoja utazame mabadiliko kwa utulivu, halafu ndo uanze kutafuta shilingi 10 na pauni 5, hizo zinataka subira na hela ya kutosha. Pauni 10 yenye namba iache mpaka umeshika nyingi mkononi na jicho limezoea.