Istikhara si kungoja ndoto

Dada wa Newala, unauliza kama istikhara yako, yaani swala ya kumwomba Mungu akuchagulie lenye heri, imekataliwa, maana hukuota kitu na mwenye shamba la mikorosho ulilotaka kununua ameghairi kuuza. La, dada yangu. Ndoto si sharti. Istikhara ni rakaa mbili zisizo za faradhi, dua yake, kisha unaendelea na hatua za kununua. Rejea ulichoomba: likiwa shari kwangu, liepushe nami, nami uniepushe nalo, unikadirie heri popote ilipo, kisha uniridhishe nayo. Kughairi kule kumo ndani ya dua! Kuridhika ndiko kugumu, hasa moyo ukiwa umeshachagua kabla ya kuswali. Likitokea shamba jingine swali upya, na mipaka ukaikague na majirani.