Darubini ya bunduki nyepesi: usinunue namba kubwa kama nilivyonunua mimi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Louisville, Kentucky, Mkongomani mwenye asili ya Uvira, aliniandikia usiku. Amepata leseni yake ya kwanza ya kuwinda, amenunua bunduki nyepesi inayotumia risasi ya saizi ya .308, na amebakiwa na dola 250 za darubini. "Kaka, nimeona moja ya 6-24x50 kwa dola 89, ina taa nyekundu na kijani ndani. Niichukue?" Maana ya 6-24x50 ni kwamba inakuza kutoka mara 6 hadi mara 24, na lenzi yake ya mbele ina kipenyo cha milimita 50. Niliusoma ujumbe ule mara mbili, nikakaa kimya pale kitandani mpaka mke wangu akauliza kama kuna msiba nyumbani.

Darubini ya namna hiyo naijua. Niliwahi kuifunga kwenye bunduki yangu.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Pennsylvania, na nilianza kuwinda ukubwani. Kwetu ukisema unawinda, wengi wanasikia ujangili. Kenya walipiga marufuku uwindaji tangu 1977, na Tanzania leseni ipo lakini si jambo la mtu wa mshahara wangu. Huku nilikuta jirani yangu, mzee aliyestaafu, kila Desemba anajaza friza nyama ya kulungu. (Tunamwita kulungu kwa kukosa jina, kulungu wa kwetu ni mnyama mwingine kabisa.) Nikavutiwa na jambo moja kubwa: nyama ambayo nimesema Bismillah mwenyewe, nikaifuata mwenyewe, nikaichuna mwenyewe. Nikasoma kozi ya lazima ya wawindaji, nikafaulu, nikanunua Ruger American ya .308. Ikiwa tupu ina karibu kilo 2.8. Niliichagua kwa wepesi wake, maana misitu ya Potter County, huku huku Pennsylvania, ni vilima juu ya vilima, na mimi si mtu wa kukaa kwenye kibanda kusubiri.

Kisha nikaharibu kila kitu kwa darubini. Nilitafuta mtandaoni usiku mmoja, nikaona namba kubwa, nikaona bei ndogo, nikabonyeza. Ilipofika, pamoja na vishikio vyake vya kuifungia kwenye bunduki ilikaribia kilo moja. Ile bunduki niliyoilipia wepesi ikawa inaelemea juu, ukiibeba begani inapinduka. Mzee jirani aliitazama akasema tu, "Kubwa sana hiyo." Nilidhani ana wivu. Mpaka leo nikikumbuka nilivyomdhania nasikia vibaya.

Siku ya kwanza ya msimu, Jumamosi baada ya Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya Wamarekani mwezi Novemba, magharibi inaingia. Nilikuwa nimekuza hadi 18 kutazama ukingo wa mlima wa pili, najifurahisha. Kulungu dume akatoka kwenye vichaka upande wangu wa kushoto, mita 60 hivi. Nikainua bunduki. Nikaona manyoya. Manyoya tu, na giza. Sikujua kama ni bega, ni tumbo au ni paja. Nikahangaika kuzungusha pete ya ukuzaji kurudi chini, ngumu kwa baridi, mnyama akaanza kutembea. Nilipopata umbo lake nikasema Bismillah, nikafyatua. Akaruka na kukimbia huku amejikunja mgongo. Mwindaji yeyote anajua maana yake: nimempiga tumboni.

Tulimtafuta mimi na mzee kwa tochi mpaka saa saba usiku. Asubuhi tukarudi. Tulikuta damu kidogo yenye majani, tukaifuata hadi kijito, ikaishia pale. Hatukumpata. Mzee hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo liliniuma kuliko kama angenigombeza. Mnyama ameteseka, nyama imepotea, na jina la Mungu nilikuwa nimelitaja juu yake.

Jumatatu nikaenda uwanja wa shabaha. Kwa umbali wa mita 90 risasi zilikuwa zinapiga karibu sentimita 30 kulia. Darubini ilikuwa imesogea ndani ya vishikio vyake. Hapo ndipo nikaelewa jambo ambalo hakuna tangazo litakalokuambia: bunduki nyepesi inapiga teke zaidi. Risasi ni ile ile, baruti ni ile ile, ila uzito wa kumeza lile teke haupo. Sasa weka juu yake chuma kizito kilichoshikwa na skrubu dhaifu. Kila ukifyatua, bunduki inarudi nyuma, ila darubini kwa uzito wake inataka kubaki ilipo. Risasi ya kumi, ya ishirini, kitu kinalegea. Kwetu wanasema rahisi huvunja upishi. Mimi upishi wangu ulivunjika msituni.

Nilikaa mwaka mzima bila kuwinda. Niliuza saa yangu, nikaongeza akiba kidogo, na kwenye punguzo la bei nikapata Leupold VX-Freedom ya 3-9x40 kwa dola 260. Ina uzito wa gramu 350 hivi. Haina taa wala alama kumi za umbali. Ina msalaba mmoja mweusi ulio wazi. Msimu uliopita, kwenye vilima vile vile, muda ule ule wa magharibi, nilimpiga kulungu kwa mita 70, nyuma ya bega, akaenda hatua thelathini akalala. Mzee alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Ile pilau tuliyoila nyumbani kwangu Ijumaa iliyofuata, sijawahi kula pilau kama ile.

Basi mdogo wangu wa Louisville, na wengine mnaoniandikia, nisikilizeni.

Shusha namba. Kulungu wangu wote wanne nimewapiga chini ya mita 110. Msituni unahitaji 3 au 4, ukiwa kwenye shamba wazi 6, na 9 ni ya kulengea shabaha uwanjani. Darubini inayoanzia 6 haifai kwa mnyama aliye karibu. Tembea nayo ikiwa imeshushwa chini kabisa. Muda wa kupandisha ukiwa na mnyama wa mbali utaupata, muda wa kushusha mnyama akiwa karibu hutaupata.

Namba kubwa pia inakula mwanga, na hesabu yake ni ya darasa la nne. Chukua kipenyo cha lenzi ya mbele, gawa kwa ukuzaji. Hiyo 50 ukiikuza 18 inakupa mwali wa mwanga wa milimita 2.8 unaoingia jichoni. Yangu ya 40 nikiiweka kwenye 4 inanipa milimita 10. Mboni ya jicho gizani hufunguka milimita 5 mpaka 7, kwa hiyo mimi ninashiba na wewe unashinda njaa. Na kulungu anatoka lini? Alfajiri na magharibi. Sheria huku Pennsylvania inaruhusu kupiga mpaka nusu saa baada ya jua kuzama, na ile nusu saa ndiyo yenyewe. Ndiyo maana usiijaribu darubini chini ya taa za dukani, kila kioo kinang'aa pale. Muombe muuzaji utoke nayo mlangoni jua likizama, utazame kwenye kivuli cha miti ng'ambo ya barabara.

Halafu uzito. Kwa bunduki ya kilo 2.8 usivuke gramu 450. Vortex Crossfire II ya 3-9x40 iko ndani ya mpaka huo, nimeipigia ya rafiki yangu na sina neno baya juu yake, na bei yake ni ya chini kuliko yangu. Zipo na za ukuzaji mmoja wa 4 tu, nyepesi zaidi, na kama ningeanza upya leo huenda ningechukua hiyo.

Umbali wa jicho, yaani nafasi kati ya jicho lako na kioo cha nyuma cha darubini, usiusahau: uwe karibu sentimita 9 au zaidi. Nina kovu juu ya nyusi ya kulia, ile ya kwanza ilinigonga bunduki iliporudi nyuma.

Fedha itakayobaki ipeleke kwenye vishikio imara na risasi za mazoezi. Kila mtengenezaji ameandika skrubu zikazwe kwa nguvu kiasi gani. Azima spana ya kipimo, usikaze kwa kukisia. Piga risasi ishirini, rudi wiki inayofuata upige tatu bila kugusa chochote. Zikitua pale pale, ndipo uende msituni.

Na wewe uliye huku kwa viza ya muda, soma sheria ya shirikisho kabla hujashika bunduki ya mtu yeyote, hata ya rafiki. Wengi wenu hairuhusiwi, na msamaha uliopo kwa wenye leseni ya kuwinda una masharti yake.

Nasema kwa ukali kwa sababu nawaona. Tumefika nchi ya watu, tunataka tuonekane tumefika, tunanunua kitu cha kupigia picha. Picha yangu na ile darubini ndefu ilipata pongezi nyingi kwenye grupu. Wale walionipongeza hawakuwepo kwenye kijito. Kiumbe amewekwa mbele yako, una risasi moja, unawajibika nayo mbele ya Mola wako. Usiende pale na kitu ulichokinunua kwa ajili ya macho ya watu. Shusha namba, lipia uimara.

Ile 6-24 bado iko kabatini kwangu. Mara mbili nimeulizwa bei yake, nikakataa, maana atakayeinunua ataifunga kwenye bunduki yake.